Mwaka Nilioacha Kuchuja Maneno

Msibani kwa Dorothea, kule Morogoro, kijana mmoja wa ukoo wao alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Alipofika kwenye masomo alisema kwamba marehemu, akiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea sosholojia, alikwenda milima ya Usambara kufanya utafiti wake wa shahada "peke yake, katikati ya watu ambao hata lugha yao hakuijua." Watu wakaguna kwa kumstahi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, miguu imekufa ganzi, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Hakuwa peke yake." Mama aliyekuwa kando yangu akanishika goti akidhani ni uchungu umenizidi. Ilikuwa hasira. Sikusimama, kwa sababu msiba haukuwa wangu na kijana yule hakuwa na kosa, alisoma alichoandikiwa. Lakini nimesharudi Lushoto, nimevua nguo za safari, na sasa nitasema. Dorothea mwenyewe hakuwahi kudai kwamba alikuwa peke yake. Ni wanaotusimulia baada yetu ndio wanaotufuta, na mimi sijafa, kwa hiyo kunifuta bado ni mapema.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ya wazazi wangu na ukoo wangu nayaacha, hayahusiki. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na nilikuwa nyumbani nikipalilia karoti. Siku moja Mzee Athumani aliniita ofisi ya kijiji. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Mfereji wetu unatoka msituni juu, unazunguka ubavu wa mlima, unashuka kwenye bustani za bondeni, na kila kaya ina zamu yake ya kufungulia maji. Miezi ya kiangazi, asiye na zamu hana kabichi, hana karoti, hana cha kupeleka sokoni. Kamati ndiyo iliyopanga zamu, na kwenye kamati hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hilo halikunishangaza wakati ule. Lilikuwa kama ukungu wa asubuhi. Upo, unavaa sweta, unakwenda zako.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuna msichana anakuja kutoka chuo kikuu, anataka kujua habari za maji yetu. Nani anapata, nani hapati, nani anaamua. Vijana atazungumza nao Kiswahili, lakini mama zetu wengi watamjibu Kishambaa. Wewe utakaa katikati."

"Sawa baba."

"Sasa nisikilize. Wewe ni mtoto wetu. Si kila kinachosemwa jikoni kinafaa kutoka nje. Utachuja." Kisha akagonga kwa kidole meza iliyokuwa pembeni, yenye kiti kilichovunjika mgongo. "Karani wetu anahama baada ya mavuno. Meza hii itahitaji mtu aliyesoma."

Sitaki mtu amchukie Mzee Athumani upesi hivyo. Baada ya kila masika, maporomoko yalipoziba mfereji, yeye alikuwa wa kwanza kupanda na jembe lake, magoti yakimsumbua, na alikuwa wa mwisho kushuka. Aliupenda mfereji ule. Aliamini kabisa kwamba ungebomoka siku watu wengi wangeanza kuusemea. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimekutana na wengi wenye imani hiyohiyo juu ya mambo makubwa kuliko mfereji, na wengine hawajawahi kushika jembe.

Dorothea alifika na begi moja la nguo na boksi la karatasi. Kijiji kilimpangia kulala kwa Bi Hidaya, mdogo wake Mzee Athumani, na mimi nikaambiwa nilale naye asije akaogopa. Bi Hidaya alikuwa ameachika miaka mingi nyuma huko Tanga mjini, akarudi na watoto wake wawili, kaka yake akamwonyesha kipande cha ardhi mkiani mwa mfereji. Watoto walikuwa wameshakua na kuondoka. Chumba alichotupa kilikuwa cha kuhifadhia viazi vya mbegu. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, viazi vimetandazwa sakafuni vikichipua, na harufu yake ya udongo iliingia kwenye nywele zetu na kwenye madaftari. Dirisha lilikuwa ubao tu. Ukilifungua asubuhi ukungu unaingia kama mgeni asiyebisha hodi, na Dorothea, aliyekulia kwenye joto, alikuwa akivaa nguo zake zote kwa pamoja na kukaa kitandani akipuliza vidole. Alikuwa na miaka minne zaidi yangu. Nilimwita Dada Dorothea, naye akaniambia niache hilo la dada, sikuacha.

Kazi yenyewe ilikuwa dodoso. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, na Mzee Athumani akifuatana nasi, kwa heshima, kama alivyosema, ili watu wasituogope. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani mkuu wa kaya hii?" Baada ya hapo yakafuata ya maji. Mama mmoja mjane, anayeishi kwa shemeji zake, aliulizwa anaishije na majirani, akajibu kwa Kishambaa huku akichambua maharage, bila kuinua macho. Neno alilotumia ni lile tunalotumia kwa mbuzi anayefungwa kamba kwenye uwanja wa mtu mwingine: anakula pale kamba inapofika. Mzee Athumani, aliyekuwa nje kidogo akiongea na shemeji za mama yule, hakulisikia vizuri, lakini akakohoa. Mimi nikamgeukia Dorothea nikasema, "Anasema anaishi vizuri na shemeji zake." Dorothea akaandika. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Mama mwingine alisema maji humfikia yakiwa yamebaki ya kunawa miguu, mimi nikasema, "Anasema yanatosha kwa kiasi." Wa tatu alilaani. Nikasema, "Anashukuru." Wiki tatu nilichuja namna hiyo, na jioni nilikula chakula changu vizuri na kulala usingizi mzuri. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi wakisimulia ujana wao huwa mashujaa tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nilianza nikiwa chujio.

Zamu ya Bi Hidaya mwenyewe kuhojiwa ilifika mwishoni. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko lake, kaka yake kwenye kiti pekee chenye mto. Nikauliza kwa Kishambaa nani mkuu wa kaya. Alijibu bila haraka, kwa maneno mengi. Alisema ni yeye. Alisema amelima, amepanda, amelea wawili hapa, na upepo ulipong'oa bati ni yeye aliyepanda juu na misumari mdomoni. Alisema kaka yake ana nyumba yake kule juu na huku huja kula. Lakini maji yakija hupita kwanza kwenye jina la kaka, na kwenye mashamba ya kaka, na kinachobaki ndicho kinaitwa chake.

"Anasema nini?" Dorothea akauliza.

"Anasema ni kaka yake."

Bi Hidaya alinitazama. Akainuka kwenda kugeuza kuni.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai ya mchaichai na kiporo cha makande, sisi watatu. Mpaka siku ile Bi Hidaya alikuwa amezungumza nasi Kishambaa tu, ukiacha salamu, nasi tukadhani Kiswahili chake kinaishia hapo. Akaweka kikombe chini. Akasema, kwa Kiswahili laini cha Tanga kilichonizidi mimi na kumzidi Dorothea, "Rukia, jana nilisema maneno kumi. Mwenzako umempa matatu, tena si yangu. Saba umeyapeleka wapi?"

Dorothea alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mangapi mengine, Rukia?"

"Mengi."

Alikwenda chumbani, akatoa madodoso yote, akayapanga juu ya kitanda. Akanipa penseli. "Weka alama kwenye uliyoyabadilisha." Nikaanza, nikimweleza na la meza ya karani. Nilipofika karibu na mwisho nilikuwa siwezi kuona vizuri kwa machozi, na kitanda kizima kilikuwa na alama. Alikaa sakafuni kati ya viazi. Akasema, "Kosa si lako peke yako. Nilimruhusu akae pale kila siku, na darasani walishanionya." Kisha akacheka kidogo, cheko baya. "Unajua naweza kurudi na hizi hizi? Mwalimu wangu hajui Kishambaa. Nitapata shahada yangu na hakuna atakayejua."

"Sisi tunajua," Bi Hidaya alisema kutoka mlangoni.

"Tunaanza upya," Dorothea akasema. "Rukia, wewe una meza inayokusubiri. Sikulaumu ukijitoa. Nitatafuta mkalimani mwingine."

Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu, na mpaka leo sijui kama kilikuwa ujasiri au wivu tu. Nikasema, "Hutatafuta mwingine. Maneno nimeyaharibu mimi, nitayarudisha mimi."

Tukaanza upya, safari hii bila madodoso mikononi na bila mwenyekiti. Tuliwafuata akina mama bustanini, tukipalilia nao mstari kwa mstari, na kwenye kijito wakifua. Wengine walinicheka usoni. "Leo utasema tulichosema, au utapika chako?" Nikawaambia nitasema, na kama wana shaka wamuulize Bi Hidaya anayesikia lugha zote mbili. Nilirudi kwa yule mjane wa maharage. Nikamwomba radhi. Akanijibu, "Nilikusikia siku ile. Nikajua na wewe umefungwa kamba." Kisha akasema yote, na mimi nikayatamka yote, la mbuzi pia. Dorothea aliacha kuandika akauliza kama hakuna neno la Kiswahili lililo laini zaidi. Nikamwambia lipo, nilishalitumia. Hayo ndiyo masomo yangu. Watu husema sosholojia ni elimu ya jamii. Mimi niliisomea nikiwa nimechutama kati ya kabichi, na mtihani wake ulikuwa kusema sentensi nzima mpaka mwisho.

Habari hazikukawia kupanda mlima. Siku ya gulio nilikuwa nimepumzika nyuma ya ukuta wa ofisi ya kijiji na mzigo wangu wa karoti, dirisha li wazi, nikasikia wajumbe wa kamati wakizungumza. Mmoja alitaka Dorothea afukuzwe. Sauti ya Mzee Athumani ikasema, taratibu, "Wa nini? Mwanafunzi ataondoka mwenyewe. Hidaya anabaki. Tuanze na anayebaki." Nilibeba karoti zangu nikaondoka nikinyata. Kesho yake kibali cha Dorothea cha kuhoji watu kilisimamishwa kwa barua, na maji hayakufika mkiani mwa mfereji. Hayakufika hata yale mabaki. Katikati ya kiangazi, kabichi za Bi Hidaya zilikuwa zimeanza kufunga. Siku ya nne majani ya nje yalianza kujikunja.

Nilikwenda kwa Mzee Athumani. Nilimkuta ofisini peke yake akinoa jembe. Nikamwamkia, akaitikia, heshima hatukuiacha, hata siku ile.

"Meza ya karani nimempa mwingine," alisema kabla sijakaa.

"Sikuja kwa ajili ya meza, baba. Nimekuja kwa ajili ya maji ya Bi Hidaya."

"Maji ya nani? Kwenye daftari hakuna jina hilo."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akaacha kunoa. Alionekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. "Mwanangu, mfereji huu una umri mkubwa kuliko sisi wote. Unajua kwa nini haujafa? Kwa sababu sauti ni moja."

"Na wanaokaa mkiani?"

"Wanaishi."

Nilirudi kwa Bi Hidaya. Dorothea alikuwa amekwishafunga begi. Alisema hawezi kuendelea, kwamba maswali yake ndiyo yaliyofunga maji ya mtu, na mwalimu wake alikuwa ameandika arudi na alichonacho. Alikuwa na haki. Nimelifikiria hilo usiku na mchana kwa miaka yote hii: tulikwenda kuuliza juu ya udhalimu, na anayeulizwa ndiye aliyelipa. Sina jibu zuri. Ninalo la Bi Hidaya tu. Alikuwa anarudi kutoka kijitoni na ndoo kichwani, akaliona begi, akasema bila kuitua ndoo, "Ukiacha sasa, kabichi zangu zitakuwa zimekufa bure. Fungua hilo begi, chukua ndoo."

Tulibeba maji kutoka kijitoni, asubuhi na alasiri, mlima mkali wa kukata pumzi. Siku mbili tulikuwa watatu. Siku ya tatu yule mjane wa maharage alitokea na ndoo yake, akamwaga mstari mmoja, akaondoka bila kuaga. Baada yake akaja mwingine. Hapakuwa na mkutano wala maneno. Waliofika hawakuwa wote. Nusu ya wale tuliozungumza nao walipita njia ya juu wakitazama pembeni, na siwalaumu. Tuliokoa karibu nusu ya kabichi. Zilizobaki tuliwapa mbuzi.

Kabla ya kuondoka Dorothea alitaka kuwasomea watu alichoandika. Alisema hawezi kupeleka chuoni kitu ambacho wenyewe hawajakisikia. Ofisi ya kijiji tulinyimwa, tukakutana uwanjani kwa Bi Hidaya, alasiri. Akina mama walikuja na vibuyu vyao na watoto migongoni. Mzee Athumani alikuja pia, akasimama karibu na ua akiwa amevaa koti lake la ofisini, hakutaka kiti. Dorothea alisoma kwa Kiswahili, aya kwa aya, nami nikasema kwa Kishambaa. Majina hatukutaja. Nilipofika kwenye la mbuzi, sauti yangu ilitaka kuteleza kwenda kwenye neno laini. Niliihisi ikiteleza. Nikalisema lenyewe, kwa ukamilifu wake, nikimtazama yeye.

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo.

"Nani kasema hilo?" Mzee Athumani akauliza.

"Sitamtaja, baba."

"Huna haja. Ni dada yangu huyu."

Bi Hidaya alikuwa amekaa chini kama wengine. Akainuka, akapangusa kanga. "La mbuzi si langu, Kaka. Umenifungia maji kwa neno la mtu mwingine. Langu bado hawajalisoma." Akanigeukia. "Rukia, msomee langu. Yote kumi."

Nikamsomea. Nani mkuu wa kaya hii: ni mimi. Mpaka misumari mdomoni, mpaka kinachobaki ndicho kinaitwa changu. Mzee Athumani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza aliondoka bila kuaga, akipita katikati ya akina mama, nao wakakunja miguu yao apite.

Chuoni mambo hayakuwa mazuri sana. Dorothea aliandika, kwenye sura ya mbinu za utafiti, kwamba mahojiano ya kwanza yaliharibika, na kwa nini, na nani aliyarekebisha. Mwalimu wake akamwambia aiondoe sehemu hiyo, inamwonyesha kama mtafiti dhaifu. Akakataa. Alipata alama za kawaida tu, yeye aliyetarajiwa kuwa wa kwanza. Aliniletea nakala kwa basi, jina langu likiwa limeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa mbele chini ya la kwake, kwa sababu lililopigwa chapa walilikata kule chuoni. Hakulalamika kwenye barua hata moja. Mimi ndiye ninayelalamika, sasa, kwa niaba yetu wawili. Sikupata meza ya karani wala nyingine yoyote. Nililima, nikaolewa, nikaendelea kulima, na leo mimi ni katibu wa kamati ya mfereji. Daftari la zamu liko kabatini kwangu, na aliyekaa kwenye kamati ile kabla yangu, kwa miaka kumi na zaidi mpaka alipozikwa, ni Bi Hidaya. Ilichukua miaka miwili ya ubishi kumweka pale. Lakini siku ninayoiona mimi nikifumba macho ni ya kabla ya hapo, kiangazi kilichofuata baada ya Dorothea kuondoka, nilipokuwa nimekwenda kumsaidia kupandikiza miche.

Mzee Athumani alishuka peke yake, akiegemea fimbo. Nikamwamkia. Akakaa juu ya gogo, akatazama bustani kwa muda, kisha akasema kwamba kamati imekaa. Zamu ya Jumanne asubuhi imeandikwa jina la Hidaya, jina lake mwenyewe, si chini ya mtu. Alilisema kama mtu anayetua mzigo, na nadhani alingoja ashukuriwe. Mimi nilikuwa tayari kumshukuru.

Bi Hidaya aliendelea kushindilia udongo kwenye mche. "Nimesikia, Kaka. Jumanne nitaichukua. Lakini nani aliyeipanga?"

"Kamati."

"Basi nataka kiti kwenye hiyo kamati."

Mzee Athumani alimtazama, akanitazama mimi, kana kwamba nitamtafsiria kitu laini zaidi. Sikutafsiri.

"Hidaya," akasema, "wewe hutosheki."

"Sitosheki," alijibu. Akaenda kunawa mikono, akarudi na sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni, akamwekea kaka yake magotini. "Kula."